Kinanda cha Ami: shajara ya kukirekodi kwenye laptopu

Kinanda ni cha Ami yangu, mdogo wake baba. Amekipigia harusi hapa Amu (Lamu), Shela, Matondoni na Faza kwa zaidi ya miaka ishirini, na wasichana waliocheza utotoni kwa nyimbo zake sasa wanaolewa kwa nyimbo hizohizo. Ni kinanda cha aina ya waksteshoni: ndani yake mna sauti za ala, mna ngoma, na mna sikwensa, yaani daftari la noti linalomwezesha mtu mmoja kupanga besi, fidla, ganuni na tumba, kimoja baada ya kingine, kisha vyote vikalia pamoja. Nyimbo 23 alizozipanga humo zimo kwenye disketi 11, ndani ya kopo la biskuti, na nakala nyingine hakuna popote. Skrini imeanza kufifia upande wa kushoto. Nimejiwekea muda hadi kuingia Ramadhani. Mwezi huo kinanda hufunikwa, na mwaka huu sitaki kifunikwe nyimbo zikiwa bado zimo mle peke yake.

Mimi si fundi wa studio. Naandika kila hatua inapomalizika, pamoja na bei, ili mwenye kinanda kama hiki aanzie nilipofika.

Jumamosi, 4 Januari 2025: disketi kabla ya kitu kingine

Sikwensa ya kinanda hiki haikumbuki chochote umeme ukikatika. Wimbo hupakiwa kutoka kwenye disketi, hupigwa, na kikizimwa unapotea mpaka upakiwe tena. Kwa hiyo disketi ndizo nyimbo zenyewe. Ni zile za inchi 3.5, megabaiti 1.44 kila moja, na hewa ya bahari haikuzihurumia. Ukisogeza kile kibati kwa kidole gumba unaiona sahani nyeusi ndani, na kwenye zilizoharibika kuna duara la ukungu mweupe, kama chumvi iliyokaukia kwenye ubao wa mashua.

Nilinunua kisomeo cha disketi cha USB kwa shilingi 2,300. Kosa langu: nilianza na disketi iliyochakaa kuliko zote, nikitaka kuiwahi. Ukungu ukahamia kwenye kichwa cha kisomeo, na disketi iliyofuata, nzima kabisa, ikaanza kutoa sauti ya kijiko kinachokwangua ukoko. Nikaichomoa mbio. Nilisafisha kichwa kwa pamba na spiriti ya isopropili, nikaanza upya na disketi nzuri, nne mbovu nikaziacha mwisho. Hizo nilizisafisha moja moja, nikizungusha sahani taratibu kwa kile kitovu cha chuma cha nyuma, mpaka pamba ikawa inatoka safi. Tatu zikasomeka. Moja imekataa, nayo ina nyimbo mbili.

Nilipomwambia Ami alinyamaza kitambo, kisha akasema moja kati ya hizo mbili bado anayo kichwani.

Jumapili, 5 Januari: tundu la hedifoni

Nilitaka njia ya bei nafuu kwanza. Nikanunua kebo ya 250, jeki kubwa upande mmoja na ndogo upande wa pili, nikaitoa kwenye tundu la hedifoni la kinanda na kuichomeka kwenye tundu la pekee la jeki ndogo kwenye laptopu. Nikafungua Audacity, programu ya kurekodi ambayo ni ya bure. Mawimbi yakaonekana kwenye skrini, Ami akapiga wimbo mzima wa dakika sita, sote tukafurahi.

Tulipousikiliza, kinanda kilikuwa mbali, kama kimewekwa chumba cha pili. Punda akasikika akipita chini ya dirisha. Kisha adhana ya alasiri, safi kuliko kinanda chenyewe. Laptopu ilikuwa inarekodi kwa maikrofoni yake ya ndani, ikisikia spika za kinanda hewani. Kebo yangu haikuwa na kazi yoyote.

Tangu hapo nina jaribio moja la kila siku kabla ya kurekodi: nagonga bodi ya laptopu kwa ukucha. Wimbi likiruka kwenye skrini, programu inasikiliza maikrofoni ya ndani, na hakuna haja ya kuendelea mpaka uchague mlango sahihi.

Nilipoilazimisha laptopu isikilize kebo, nikapata tatizo jingine. Tundu hilo limetengenezwa kwa hedifoni zenye maikrofoni ya simu: upande wake wa kuingiza ni wa maikrofoni, tena ni chaneli moja tu. Maikrofoni hutoa umeme mdogo mno, wa milivolti chache. Kinanda hutoa mara mamia zaidi, na sauti ikawa inapasuka. Nilipopunguza sauti ya kinanda hadi karibu na sifuri, kikaacha kupasuka lakini nikabaki na mfoko wa kelele, kama mafuta ya kukaangia. Kushoto na kulia vikawa kitu kimoja. Ile ganuni ambayo Ami ameiweka pembeni ikaja kukaa katikati ya fidla. Kebo ya 250 nimeiweka kando.

Jumamosi, 11 Januari: MIDI, na traki isiyo na sauti

Kwenye mgongo wa kinanda mna matundu ya duara yenye pini tano. Ndiyo MIDI, lugha ambayo kampuni za vinanda zilikubaliana mwaka 1983 ili kinanda cha huyu kiweze kuzungumza na cha yule. Waliosimama mbele kuisukuma ni Dave Smith wa Marekani na Ikutaro Kakehashi wa Japani. Nilinunua kebo ya kuunganisha MIDI na USB kwa 1,300, nikaweka programu ya kurekodi ya Reaper kwenye laptopu, ambayo hukuruhusu kuijaribu siku 60 kabla ya kulipa.

Kwanza haikupita kitu. Nilikuwa nimechomeka jeki iliyoandikwa OUT kwenye tundu la OUT la kinanda, na IN kwenye IN, kwa kuwa maandishi yanafanana. Kinachotoka kwa mmoja ndicho kinachoingia kwa mwenziwe: OUT ya kinanda iende kwenye IN ya kebo. Tatizo zaidi ni kwamba zipo kebo ambazo maandishi yake yanamaanisha "nichomeke kwenye IN" na nyingine "mimi ndiye IN". Usihangaike kusoma. Bonyeza ufunguo wa kinanda ukitazama taa ndogo ya kebo. Isipowaka, badilisha jeki hizo mbili.

Ami akapiga. Vijistari vikajipanga kwenye skrini, kila noti na urefu wake. Tukabonyeza ili tusikie, na kukawa kimya.

Hapa ndipo anayeanza hukwama, na mimi nilikwama jioni nzima. MIDI haibebi sauti. Hubeba habari: ufunguo namba 60 umebonyezwa, kwa nguvu 87 kati ya 127, sasa umeachiliwa. Ni kama maneno ya shairi yaliyoandikwa. Anayesoma ndiye mwenye koo. Ili kusikia, habari hizo lazima zirudishwe kwenye kinanda kikazipige, au zipewe ala iliyomo ndani ya kompyuta. Vipo vinanda vya siku hizi, kama Yamaha MODX, ambavyo kebo moja ya USB hupitisha MIDI na sauti kwa pamoja. Cha Ami ni cha zamani, na hata vingi vyenye tundu la USB hupitisha habari tu. Soma kitabu chake kabla hujafurahia tundu.

Basi nikajua nahitaji njia mbili: MIDI kwa kile vidole vilichofanya, na kadi ya sauti, yaani kifaa cha kuingizia sauti kwenye kompyuta, kwa kile masikio yalichosikia.

Jumamosi, 18 Januari: kadi ya sauti

Nimepata kadi ya sauti ya nje, ya USB, yenye milango miwili, mtumba kutoka Mombasa: 9,500. Kebo mbili za jeki kubwa, 1,200. Mzigo ulikuja kwa basi hadi Mokowe, ukavuka kwa boti. Nimelipa 900 kwa vifurushi vyote vya mradi huu.

Kuunganisha ni kazi ya dakika tano. Tundu la L/MONO la kinanda kwenye mlango 1, tundu la R kwenye mlango 2. Zote mbili: ukichomeka L/MONO peke yake kinanda hudhani una spika moja, hukuchanganyia kila kitu humo. Kwenye Reaper nikachagua traki (mstari wa kurekodia) ya stereo yenye milango 1 na 2, sampuli 48,000 kwa sekunde, yaani wimbi hupimwa mara hizo, na biti 24, ambazo ni usahihi wa kila kipimo. Kwa vipimo hivyo dakika moja hula kama megabaiti 17, kwa hiyo hesabu nafasi ya diski mapema.

Makosa yalikuwa mawili. La kwanza, kushoto kulikuwa kunapasuka na kulia ni safi. Nilibadilisha kebo, nikabadilisha matundu, nikamshuku muuzaji wa kadi bure. Mlango 1 una kitufe kidogo kilichoandikwa INST, cha gita la umeme, nacho kilikuwa kimebonyezwa. Kinanda ni LINE, yaani sauti yake tayari ina nguvu. Kitufe kikatoka, pande zote zikawa sawa.

La pili lilitugharimu rekodi bora ya siku. Niliweka kiwango Ami akipiga ubeti wa kwanza, besi na ganuni tu, mita ya sauti kwenye skrini ikawa inacheza karibu na juu, nikaona tumepata sauti nene. Kwenye kiitikio fidla zote zikaingia na tumba, mita ikawa nyekundu. Katika dijitali juu ya sifuri hakuna kitu: kilele cha wimbi hukatwa kikawa bapa kama paa la makuti lililopigwa panga, na hakuna programu itakayokirudisha kama kilivyokuwa. Sasa namwomba Ami anipigie sehemu yenye kishindo kuliko zote, naweka kilele kwenye desibeli −12, halafu siigusi tena. Ikionekana ndogo kwenye skrini, acha iwe ndogo; biti 24 zina nafasi ya kutosha kuikuza baadaye.

Raha ya kebo nimeionja leo. Punda wamepita, boti zimenguruma, watoto wamecheza mpira kwenye kichochoro, na rekodi haina hata kimoja.

Jumapili, 19 Januari: mvumo na kutu

Usiku kukiwa kimya nikasikia mvumo wa chini, mmm, usiobadilika. Nilipochomoa chaja ya laptopu ukakoma papo hapo. Chaja ina waya wa ardhi, kinanda kina wa ardhi, na kebo zangu za sauti zimewaunganisha tena kwa njia ya pili. Mzunguko huo huokota mtetemo wa umeme wa nyumbani, ambao hapa kwetu ni 50 kwa sekunde.

Nitasema hili kwa sauti kubwa, kwa sababu nimewaona watu wakilifanya kwenye majukwaa: usivunje wala usiondoe pini ya ardhi ili mvumo ukome. Hiyo ndiyo inayokukinga na volti 240 ikiwa kifaa kimeharibika ndani. Umeshika kinanda, umesimama pekupeku kwenye sakafu yenye unyevu. Acha mvumo.

Nilinunua kitenganishi chenye transfoma ndogo, 1,800. Mvumo uliisha, na besi ikaisha nayo. Noti za chini zikawa kama zinapigwa kwenye debe. Vizuri zaidi vipo lakini bei yake ni nyingine kabisa. Nimekiacha. Tunarekodi laptopu ikiwa kwenye betri yake, ambayo hukaa kama saa mbili, kisha tunapumzika ikijazwa. Dawa hiyo haikugharimu chochote, na kama ningefikiri kidogo ningebaki na 1,800 zangu.

Mkwaruzo wa upande wa kulia ulikuwa kitu kingine. Nilipotazama ndani ya tundu la R kwa tochi ya simu, ukuta wake ulikuwa na rangi ya kijani. Miaka yote ya harusi za pwani imo humo. Nilipaka spiriti kwenye jeki, nikaichomeka na kuichomoa mara ishirini, nikafuta, nikarudia. Pamba na spiriti ni 350, na ndizo pesa zilizofanya kazi kubwa kuliko zote mradi huu.

Jumamosi, 25 Januari: kila noti mara mbili

Leo tulirudisha MIDI kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye kinanda, ili kiipige upya. Sauti ikawa na utando, kama mtu anaimba ndani ya bomba, na nyimbo nzito zikawa zinadondosha noti katikati. Ami alisikia kabla yangu. "Kinajipigia chenyewe juu ya mikono yangu," alisema, na ndivyo ilivyokuwa. Akibonyeza ufunguo, kinanda kinalia. Papo hapo habari inakwenda kwenye kompyuta, inarudi, kinanda kinalia mara ya pili. Kila noti inakula nafasi mbili, na kinanda kina idadi maalumu ya noti kinazoweza kupiga kwa wakati mmoja.

Dawa iko kwenye menyu ya MIDI ya kinanda, inaitwa Local Control. Ukiiweka Off, ufunguo hautumi tena habari ndani kwa ndani; unazituma nje tu, na sauti inatoka mara moja, kupitia kompyuta. Utando ukaisha.

Mwangwi mwingine wa namna hii hutokea upande wa sauti: kadi inakusikilizisha moja kwa moja na Reaper nayo inakusikilizisha, ikichelewa kidogo. Zima mmoja. Mimi nimezima wa Reaper, na kwa hivyo naweza kuweka bafa (sauti inayokusanywa kabla ya kushughulikiwa) kubwa ya sampuli 512, laptopu ikapumua na pwa pwa zilizokuwa zikisikika kwenye sauti zikaondoka. Kuchelewa kwake ni kama milisekunde 11, ambazo mpigaji mzuri huzihisi, lakini kwa kuwa anajisikia moja kwa moja kutoka kwenye kadi hazimfikii.

Ijumaa, 31 Januari: kosa kubwa kuliko yote

Jana usiku Ami alikuwa na harusi. Kinanda kikapandishwa jukwaani, akapakia wimbo, akaweka mikono, hapakutoka kitu. Sikwensa ikawashwa inalia vizuri, lakini mikono yake haitoi sauti. Bibi harusi ameshatoka. Alizima, akawasha, ikawa vilevile. Alimaliza saa nzima ya kwanza kwa sikwensa peke yake, mikono imekaa juu ya funguo akiigiza, mpaka kijana mmoja wa kundi akanipigia simu.

Local ilikuwa Off. Niliiacha mimi Jumamosi. Vinanda vingi hurudi On vikizimwa. Cha Ami huhifadhi mipangilio yake ya jumla, nacho kilihifadhi nilichokiacha.

Nilikwenda asubuhi kumwomba radhi. Alinikaribisha pale dakani, akanimiminia kahawa, hakuinua sauti. Aliniambia tu, "Mwanangu, chombo cha kazi ukikiazima, mrudishie mwenyewe kama ulivyokikuta." Nimebandika karatasi juu ya skrini, upande ule uliofifia: LOCAL? Siondoki chumbani kabla ya kuigusa. Mwenye kufuata shajara hii, andika karatasi hiyo kabla hata hujanunua kebo.

Jumamosi, 8 Februari: ile E ya Ami

Leo nilijaribu kitu nilichodhani kitamfurahisha. Nilichukua MIDI ya wimbo mmoja wa maqamu (mpangilio wa noti wa muziki wa Kiarabu) ya Bayati, nikaipa ala nzuri za ndani ya kompyuta, fidla laini kuliko zile za kinanda, nikamwekea hedifoni.

Alisikiliza kama sekunde kumi. "Ngoya, mwanangu." Akavua hedifoni. "Noti ni zangu, lakini wimbo si wangu. Hiyo E imenyooka."

Amu ndiko alikozaliwa Zein l'Abdin, mpiga udi na mwimbaji wa taarab, na watu wa rika la Ami walijifunza taarab wakisikiliza udi. Udi hauna vizuizi shingoni. Kidole kinakaa popote sikio linapotaka. Bayati ikianzia noti ya D, E yake, yaani noti inayofuata, haiko penye E ya piano wala penye E iliyoshushwa nusu toni. Iko katikati. Ami aliihamishia kwenye kinanda kupitia menyu ya kupanga noti, ambapo kila moja kati ya noti kumi na mbili inaweza kushushwa au kupandishwa kwa senti. Nusu toni moja ina senti 100. Lakini anapobonyeza ufunguo ule, MIDI inasema "64" na kunyamaza. Ile menyu imebaki ndani ya kinanda. Kompyuta haijui, nayo inapiga 64 ya kawaida, iliyonyooka, na Bayati inakufa.

Nilifungua menyu hiyo wimbo kwa wimbo, nikitarajia kuona −50 kila mahali. Haikuwa. Kwenye wimbo huu ni −42. Kwenye mwingine −46. Kwenye wa maqamu ya Rasti, E ni −40 na B ni −44. Nilimuuliza kwa nini. Akasema hakutazama namba, alizungusha mpaka ikamuuma panapostahili.

Dawa ya kompyuta ipo, kwa anayetaka. Gurudumu la kupinda noti lina hatua 16,384, katikati yake ni 8192, na kwa kawaida kwenda chini kabisa ni nusu toni mbili, yaani senti 200. Senti 42 ni hatua 1,720, kwa hiyo unaandika 6472. Ila kupinda huvuta noti zote za chaneli (njia ya MIDI ya ala moja) kwa pamoja, kwa hiyo nililazimika kuzitoa E zote na kuzihamishia kwenye chaneli yake peke yake. MIDI ina chaneli 16. Ukiwa na ala nyingi zinakwisha upesi. Wimbo mmoja umenichukua saa tatu. Ami aliusikiliza wote safari hii, macho yamefumba.

Sitafanya hivyo kwa zote. Uamuzi wangu: sauti iliyorekodiwa kutoka kwenye kinanda ndiyo asili, na MIDI ni daftari lake. Kando ya kila wimbo naweka faili ya maandishi yenye jina la maqamu, noti zilizoshushwa, na namba zake. Kama ningefuata ushauri niliopewa mwanzo, kwamba MIDI inatosha kwa kuwa faili zake ni ndogo, ningekuwa nimehifadhi nyimbo 21 zisizo na maqamu na nisijue.

Jumamosi, 15 Februari: kuzitenganisha ala

Kinanda kina matundu mawili tu ya kutolea sauti, nami nataka besi, tumba, fidla, ganuni na ala nyingine kila moja kwenye traki yake. Njia ni kupiga wimbo mara nyingi, kila mara ukinyamazisha vyote isipokuwa kimoja. Ili vikutane baadaye, kompyuta lazima ishike mwendo: kinanda kinawekwa kwenye saa ya nje, Reaper inakitumia mapigo 24 kwa kila pigo la wimbo, na ukibonyeza rekodi kinaanza chenyewe.

Nilipopanga traki saba pamoja, ngoma na besi hazikugongana barabara. Kila safari kinanda kilianza kwa tofauti ya milisekunde chache. Niliongeza pigo moja la vijiti kabla ya wimbo, kwenye kila sehemu. Sasa nakuza skrini, navuta vile vilele vya vijiti mpaka vikalingana, kisha navikata. Ukisahau vijiti kwenye safari moja, irudie safari hiyo. Kulinganisha kwa sikio nilijaribu, na fidla zinazoingia polepole hazina pa kushika.

Nyimbo mbili zimekataa mpango huu. Ami amezipanga zikipunguza mwendo kwenye ubeti wa mwisho, na saa ya Reaper ilizibana zikaenda kama askari. Hizo nimekiachia kinanda kiongoze chenyewe, nikarekodi mchanganyiko mzima mara moja.

Jumatano stima ilipotea katikati ya safari ya tano. Laptopu ilikuwa kwenye betri ikaendelea kurekodi kimya. Kinanda kikasahau wimbo, na pamoja nao vijiti nilivyokuwa nimeviongeza. Sasa kila nikigusa wimbo nauhifadhi kwenye disketi mpya kabla ya kurekodi.

Jumatano, 26 Februari: hesabu

Nyimbo 17 zimekamilika: sauti, MIDI, faili ya maqamu. Nne zimebaki, na ile aliyokuwa nayo kichwani Ami tumeirekodi Jumapili, akaipiga upya kwa mkono bila sikwensa, mara mbili. Ya pili ndiyo aliyoikubali. Ile nyingine iliyokuwa kwenye disketi ileile hakuikumbuka zaidi ya kiitikio, nimerekodi kiitikio.

Wimbo mmoja wa dakika tano kwa safari saba ni kama megabaiti 600, kwa hiyo nilinunua diski ya nje, 6,800, na nakala ya pili iko kwa dada yangu Malindi. Leseni ya Reaper ni dola 60. Niliilipa wiki iliyopita, karibu 7,800. Vifaa vyote, pamoja na kitenganishi na kebo nisivyovitumia, ni 24,400, na leseni juu yake jumla inafika 32,200. Mwenye kuruka makosa yangu mawili ataokoa 2,050, na asiye na disketi ataokoa 2,300 nyingine.

Nne zilizobaki zitarekodiwa baada ya Idi. Leo alasiri Ami amekunja kebo mwenyewe, akakifunika kinanda kwa kikoi. Kabla hajakifunika nilifungua menyu tukaitazama pamoja. Local iko On.